Mvumo wa Masikioni: Picha ya Ubongo Isifanywe Hakimu

Mtu aliyepata kutibiwa malaria kwa kwinini haisahau dalili moja iliyofuatana na dawa hiyo. Matibabu yakiendelea, masikio yalianza kuvuma, na mgonjwa alisikia mlio mwembamba kama wa nyenje ambao hakuna mwingine chumbani aliyeusikia. Dawa ilipokwisha mwilini, mlio nao ulitoweka. Vizazi kadhaa vya Afrika ya Mashariki viliijua hali hiyo kabla artesunate haijashika nafasi ya kwinini katika kutibu malaria kali, kufuatana na mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 kwa watu wazima na ya mwaka 2011 kwa watoto.

Wapo watu ambao mlio wa namna hiyo hauwaondoki kamwe. Wanalala nao na kuamka nao, na usiku, kelele za mchana zinapotulia, ndipo unapozidi. Hali hiyo katika lugha ya utabibu huitwa tinitasi, nayo ni mvumo wa masikioni usiokuwa na chanzo cha sauti nje ya mwili. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la JAMA Neurology ulikadiria kwamba watu wazima wapatao 14 katika kila 100 wanausikia, na kwamba wapatao 2 katika kila 100 wanao mvumo mkali. Kwa hao wawili usingizi hukatika, kazi inayohitaji utulivu huharibika, na wengine hukata tamaa kabisa.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hauna shahidi. Daktari hutazama ndani ya sikio asione kitu, na jamaa husema ni mawazo tu. Adhabu ya kaburi aijua maiti. Ndiyo maana mashine za kupiga picha za ubongo zilipoanza kutumiwa katika utafiti wa mvumo, wagonjwa wengi walizipokea kwa furaha, kwa kuwa waliona kwamba hatimaye mateso yao yataonekana kwa macho. Matumaini hayo ni ya kweli nusu, na ni ya hatari nusu. Picha hizo zimefundisha mengi juu ya ugonjwa, lakini hazijapata uwezo wa kumhukumu mgonjwa mmoja aliyeketi mbele ya daktari. Kuyachanganya mambo hayo mawili ni kosa ambalo sayansi haina budi kulipinga mapema.

Kutoka sikioni hadi ubongoni

Kwa muda mrefu mvumo ulidhaniwa kuwa ugonjwa wa sikio peke yake, na dhana hiyo ilikuwa na msingi. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo kilichojizungusha kama kombe la konokono, kiitwacho koklea. Humo zimo seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo, na kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva. Kwa binadamu, seli hizo zikifa hazioti tena. Huuawa na kelele za mitambo na za bunduki, na uzee, na baadhi ya dawa kama vile streptomaisini na jentamaisini. Wengi wa wenye mvumo wamepoteza usikivu kwa kiasi fulani.

Lakini kama chanzo kingekuwa sikioni tu, kuikata neva ya usikivu kungeumaliza mvumo. Jambo hilo lilipata kujaribiwa bila kukusudiwa. Wagonjwa waliopasuliwa ili kuondolewa uvimbe ulioota kwenye neva hiyo walikatwa neva yenyewe, wakawa viziwi kabisa upande huo. Mwaka 1981 William House na Derald Brackmann, matabibu wa Los Angeles, walichapisha taarifa juu ya wagonjwa wa namna hiyo. Wengi wao waliendelea kuusikia mvumo katika sikio ambalo halikuweza tena kusikia kitu kingine chochote.

Mfano wa redio unasaidia kulieleza jambo hili. Msikilizaji anayetafuta kituo cha mbali hupandisha sauti ya redio yake, na kituo kikiwa hafifu, kinachopanda zaidi ni mikwaruzo ya redio yenyewe. Ubongo nao, unapopungukiwa na ishara kutoka kwenye koklea, hudhaniwa kuongeza nguvu ya usikivu wake, hata ishara ndogo za neva zinazotokea zenyewe zikageuka kuwa mlio. Mwaka 1953 Heller na Bergman walionyesha kwamba hata mtu mwenye masikio mazima ana mbegu ya jambo hili. Waliwaingiza watu 80 wenye usikivu mzuri katika chumba kisichopenya sauti, na asilimia 94 ya watu hao wakasema wanasikia milio ya namna mbalimbali.

Maelezo hayo hayatoshi. Hayasemi kwa nini watu wawili wenye mvumo ulio sawa kwa kipimo hutofautiana sana katika maisha yao, mmoja akausahau kama mtu asahauvyo mlio wa saa ya ukutani, na mwingine ukamnyima raha. Mwaka 1990 Pawel Jastreboff alieleza kwamba jibu la swali hilo limo katika sehemu za ubongo zinazohusika na hisia, hofu na uangalifu, kuliko katika njia ya usikivu pekee. Hilo lilikuwa wazo kubwa, nalo lilihitaji kuchunguzwa ndani ya ubongo wa binadamu aliye hai.

Picha hizo ni picha za nini?

Yafaa ieleweke kwanza kwamba mashine hizi hazipigi picha ya sauti, wala ya maumivu, wala ya wazo. Zinachokipima kwa kawaida ni damu. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi zaidi huletewa damu zaidi, na mabadiliko hayo ndiyo yanayopimwa. Katika njia moja mtu hutiwa mshipani kitu chenye mionzi hafifu inayokwisha upesi. Oksijeni ya mionzi, kwa mfano, hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 2 hivi. Njia nyingine, ya MRI, hutumia sumaku kubwa. Msingi wake ni jambo lililoelezwa mwaka 1936 na Linus Pauling na Charles Coryell, kwamba damu yenye oksijeni na ile iliyokwisha kuitoa hazitendi sawa mbele ya sumaku. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwamba tofauti hiyo yaweza kuonekana katika picha za ubongo, na rangi nyekundu na za manjano zinazopendeza macho katika picha hizo hutiwa na kompyuta baada ya hesabu ndefu.

Kwa mtafiti wa mvumo, njia hizi zina matatizo matatu. La kwanza ni kelele. Nyaya zinazobadilisha nguvu ya sumaku hutikisika na kugonga kwa sauti inayoweza kupita desibeli 100. Mgonjwa wa masikio huingizwa katika ngoma inayopigwa, kisha huulizwa anasikia nini. Watafiti wamejifunza kuikwepa sehemu ya tatizo hilo. Kwa kuwa damu huchelewa sekunde kadhaa kuitikia kazi ya ubongo, sauti ya majaribio huweza kutolewa mashine ikiwa kimya, na picha ikapigwa baadaye.

Tatizo la pili ni gumu zaidi. Picha ya aina hii haina maana yenyewe peke yake. Maana yake hupatikana kwa kulinganisha hali mbili, kama vile mkono ukitikisika na mkono ukitulia. Mvumo haunyamazi, kwa hiyo hakuna picha ya pili ya kulinganisha nayo.

Mwaka 1998 Alan Lockwood na wenzake, katika mji wa Buffalo huko Marekani, walipata njia ya kupenya hapo. Waliwachunguza wagonjwa 4 walioweza kuubadili ukali wa mvumo wao kwa kukaza misuli ya mdomo na uso. Hivyo mvumo uliokuwa wa kudumu ukapata kupanda na kushuka mbele ya mashine. Ilionekana kwamba mabadiliko hayo yalitokea katika upande mmoja tu wa ubongo wa usikivu, hali sauti ya kweli iliyoingia sikio moja iliamsha pande zote mbili. Watafiti wakahitimisha kwamba kwa wagonjwa hao mvumo ulitoka katika njia za ubongo, si katika koklea, na kwamba njia hizo zilikuwa na fungamano lisilo la kawaida na sehemu za hisia. Wagonjwa 4 ni wachache mno, lakini swali lilikuwa limeulizwa sawasawa.

Mafunzo ya majibu yaliyopingana

Tatizo la tatu lilijitokeza pale watafiti walipowaacha wagonjwa wa namna hiyo, ambao ni nadra, wakaanza kulinganisha kundi la wenye mvumo na kundi la wasio nao. Makundi hayo mawili hayatofautiani kwa mvumo tu. Wenye mvumo mara nyingi wana umri mkubwa zaidi, wamepungukiwa usikivu zaidi, na wengi hawastahimili sauti za kawaida. Picha yoyote inayotofautisha makundi hayo yaweza kuwa picha ya mojawapo ya mambo hayo.

Kwa miaka kadhaa ilidhaniwa kwamba msisimko mkubwa wa kituo cha usikivu kilichomo katika ubongo wa kati ni alama ya mvumo. Mwaka 2010 Jianwen Gu, Jennifer Melcher na wenzao wa Boston waliwagawa watu upya, kwa mvumo na kwa ustahimilivu wa sauti. Wakaona kwamba msisimko wa kituo hicho ulihusiana na kutostahimili sauti, uwe na mvumo au usiwe nao. Alama iliyosifiwa ilikuwa ya ugonjwa wa jirani.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa ramani ya sauti. Katika gamba la ubongo la usikivu, sauti nene na nyembamba zina mahali pake, kwa mpango kama wa vibonye vya kinanda. Mwaka 1998 uchunguzi uliofanywa Ujerumani, kwa kupima nguvu ndogo za sumaku zitokazo ubongoni, ulidai kwamba kwa wenye mvumo ramani hiyo imehama, na kwamba kadiri ilivyohama ndivyo mvumo ulivyokuwa mkali. Dai hilo likawa msingi wa mipango ya tiba. Mwaka 2012 Dave Langers na wenzake wa Groningen, Uholanzi, waliwachunguza wenye mvumo ambao usikivu wao ulikuwa karibu sawa na wa kawaida, wakaikuta ramani mahali pake. Mvumo, basi, waweza kuwapo bila ramani kuhama.

Msomaji asidhani kwamba hadithi hizi ni aibu ya sayansi. Hivyo ndivyo sayansi inavyojisahihisha. Aibu huanza pale tokeo la kwanza linapotangazwa kwa sauti kuu, na masahihisho yake yakaachwa kwenye rafu za maktaba.

Swali lililo bora

Mafanikio makubwa ya picha za ubongo yamepatikana watafiti walipoacha kuuliza mlio uko wapi, wakauliza kwa nini unatesa. Mwaka 2012 kundi la Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, lilichapisha tafiti mbili zinazostahili kusomwa pamoja. Katika mmoja walichunguzwa wenye mvumo unaowasumbua, na mifungamano ya sehemu za ubongo wao ikaonekana kutofautiana na ya watu wasio na mvumo. Katika wa pili walichunguzwa wenye mvumo usiowasumbua, na tofauti hiyo haikuonekana. Kilichojidhihirisha katika mitandao ya ubongo hakikuwa kuwapo kwa mlio. Yalikuwa mateso.

Mwaka 2017 Sara Schmidt, Fatima Husain na wenzao wa Chuo Kikuu cha Illinois waliendeleza jambo hilo. Waliitazama sehemu iitwayo prekuneasi, ambayo kwa kawaida hushirikiana na mtandao unaofanya kazi mtu anapopumzika. Kwa wenye mvumo wa muda mrefu sehemu hiyo ilikuwa imelegeza fungamano lake na mtandao wa mapumziko, na kuambatana zaidi na mtandao wa uangalifu. Kadiri mvumo ulivyosumbua, ndivyo hali hiyo ilivyozidi. Mgonjwa anayelalamika kwamba amechoka ingawa hakufanya kazi, hana haja tena ya kuonwa mvivu au mwenye kujidekeza, kwa kuwa tafiti za namna hii zaonyesha ubongo ulio kazini wakati wa mapumziko.

Uko pia ushahidi usiotokana na picha. Mwaka 2015 William Sedley wa Newcastle, Uingereza, pamoja na wenzake wa Iowa, Marekani, walieleza juu ya mgonjwa wa kifafa ambaye pia alikuwa na mvumo. Madaktari walikuwa wamemtia vipokezi vya umeme ubongoni ili kutafuta chanzo cha kifafa, kwa hiyo ishara za neva zenyewe zilipimwa moja kwa moja. Mvumo ulipotulia kwa muda mfupi baada ya kusikilizishwa sauti maalumu, shughuli iliyobadilika ilienea katika eneo kubwa sana la ubongo, hali sauti ya kweli inayofanana na mvumo huo iliamsha mahali padogo tu. Anayetarajia kukiona kidoa kimoja chekundu na kukiita "mvumo" atangoja sana.

Mgonjwa mbele ya mashine

Kutokana na hayo, yapo mambo matatu yanayopasa kusemwa waziwazi.

Kwanza, picha ya ubongo isitakiwe kuwa uthibitisho wa neno la mgonjwa. Hakuna kipimo cha picha kinachotumika hospitalini ambacho chaweza kuonyesha kwamba mtu fulani anausikia mvumo au hausikii. Mwaka 2020 watafiti wa Melbourne, Australia, walitumia mwanga usioonekana unaopenya fuvu la kichwa, njia isiyo na kelele, wakaweza kuwatambua wenye mvumo kwa usahihi wa takriban asilimia 78. Ni hatua njema, lakini mashine inayokosea mara 22 katika kila 100 haiwezi kumwita mtu mwongo. Mfanyakazi aliyeharibiwa masikio na mitambo, anapodai haki yake, asiambiwe kwamba ubongo wake haukuonyesha kitu. Tafiti hizi husema juu ya wastani wa kundi, na wastani wa kundi hauna jina la mtu.

Pili, pawepo na tofauti kati ya picha ya utafiti na picha ya matibabu. Picha ya matibabu hutafuta uvimbe au hitilafu ya mishipa ya damu, nayo ina manufaa yake. Mwongozo uliotolewa mwaka 2014 na chama cha mabingwa wa magonjwa ya masikio, pua na koo cha Marekani unashauri kwamba mwenye mvumo asipigwe picha ila kama mvumo uko upande mmoja, au unadunda kwa mapigo ya moyo, au kuna dalili za hitilafu ya neva, au usikivu wa masikio mawili unatofautiana. Mwongozo huo wafaa zaidi mahali ambapo mashine za MRI ni chache na foleni ni ndefu. Mwenye mvumo wa pande zote mbili anayeuza mbuzi wake ili akapigwe picha isiyohitajika amepotoshwa. Angefaidika zaidi kwa kusafishwa nta ya masikio, kupimwa usikivu, kuchunguzwa dawa anazotumia, na kupewa kifaa cha kusaidia kusikia iwapo usikivu umepungua.

Tatu, utafiti wenyewe usiachwe. Wapo wanaosema kwamba kupiga picha ubongo wa mtu anayesikia nyenje ni anasa. Si kweli. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2020 na shirika la Cochrane yalionyesha kwamba tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra na mwenendo hupunguza taabu iletwayo na mvumo. Tiba hiyo hailengi kuushusha mlio, na hapo zamani mgonjwa aliyepewa aliweza kudhani kwamba anadharauliwa kwa kuambiwa ugonjwa uko akilini. Tafiti za picha zimempa daktari maneno bora zaidi: kwamba mateso yamo katika mitandao ya hisia na uangalifu, kwamba mitandao hiyo ni ya kweli kama mfupa ulivyo wa kweli, na kwamba yaweza kufundishwa upya.

Utafiti utakaofuata haubudi kuwa mwangalifu kuliko uliotangulia. Wenye mvumo walinganishwe na watu wa umri na usikivu ulio sawa na wao. Ustahimilivu wa sauti upimwe, usisahauliwe. Wanaosumbuliwa walinganishwe na wasiosumbuliwa. Watu hao hao wafuatwe kwa miaka, ili ijulikane kama hali ya ubongo ilitangulia mateso au iliyafuata. Na kila uchunguzi uanze kwa kumsikiliza mgonjwa kwa makini, akieleza mlio wake ulivyo, ulianza lini, na umemnyang'anya nini.

Mashine hupima damu inayokwenda na kurudi, lakini mwenye kujua kama usiku umekuwa mrefu ni yule aliyekesha. Rangi za picha zisipolingana na maneno yake, lililo sawa ni kuichunguza upya picha kabla ya kumtilia shaka mgonjwa.